Anayekuja Kibofu Kikijaa

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Mahafali ya darasa la saba yamekwisha. Nilipangiwa dakika kumi, nikazungumza ishirini na mbili. Hakuna aliyejua kwa nini.

Dakika ya nane vinyweleo vya mikono vilisimama. Ubaridi ukapanda shingoni, kisha ule uzito wa kiganja begani. Enoka. Mchana kweupe, mbele ya wazazi mia tatu! Nilipaswa kumpa mdogo wangu Helena ishara, anitoe, anipitishie mpira, mkojo utoke. Sikumpa. Nikaongeza aya juu ya uvumilivu. Kisha nyingine, juu ya shukrani — nikizungumza na mtu mmoja tu.

Halafu maji yakachuruzika chini ya kiti changu cha magurudumu, yakafuata mteremko wa saruji hadi kwenye viatu vya mgeni rasmi. Mzee Cletus, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaiangusha chupa yake ya maji makusudi, akajilaumu kwa sauti: uzee huu, jamani, hata chupa haishikiki! Watu wakacheka. Nilimshukuru kwa macho.

Mkojo ulipokwisha, bega likawa jepesi. Huwa hivyo kila mara.

Jumapili, 7 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Litapunga. Hakuzunguka. Aliuliza kama mwanawe, marehemu mume wangu, bado anakuja. Nikasema anakuja.

Hakushangaa. Kwa maelezo yake, anayekufa ghafla njiani hajui kwamba amekufa. Humng'ang'ania yule aliyemshika mwisho. Na mwisho alinishika mimi. Lori lilikuwa limesimama bila taa kwenye barabara ya Sikonge. Enoka aliachia usukani, akatupa mkono begani mwangu. Yeye akafa, mimi uti wa mgongo ukakatika. Mkono ulibaki pale kwa saa tatu, hadi walipotutoa. Miaka miwili sasa, chini ya matiti sihisi kitu.

"Mwambie aende, mkwe wangu. Mimi mama yake nimeshamwambia, hanisikii."

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi.

"Haya. Mwambie kwa hiyo sayansi."

Jumanne, 9 Septemba

Kliniki. Daktari bingwa, Dokta Fredrick, yuko Mpanda kwa wiki hii tu. Anachora vizuri. Alinichorea kibofu changu: kidogo, kigumu, kikali. Kikibana, mkojo hurudi juu. Figo la kushoto limeanza kuvimba.

Sindano za kukilegeza nilishachomwa mara mbili, hazikudumu. Upo mpira wa kudumu unaopitishwa tumboni, rahisi kuuweka, lakini huzaa mawe na maambukizi. Na upo upasuaji mkubwa. Hukatwa kipande cha utumbo, kikashonewa juu ya kibofu ili kiwe kipana na kitulivu. Mlango wa chini hukazwa. Kidole tumbo hugeuzwa kijia kinachotokea kitovuni, nami ningepitisha mpira mwenyewe nikiwa nimekaa, bila kuvua nguo, bila Helena. Ningekuwa mkavu. Ningehutubia saa nzima!

Nikamwuliza habari za ubaridi na vinyweleo. Bega sikulitaja.

Kalamu yake ilisimama. Kibofu kikijaa, alisema, mwili ulio chini ya jeraha hupiga kelele, na kichwa hakipokei ujumbe. Presha hupanda ghafla. Inaweza kupasua mshipa kichwani. Mara nyingi upasuaji huu huituliza hali hiyo nayo.

"Kwa hiyo haitakuja tena?"

"Ndivyo tunavyotarajia, mama."

Alidhani ni furaha iliyonitoa machozi.

Jumatano, 10 Septemba

Daktari amenipa daftari la mkojo: saa ngapi, kiasi gani. Leo nimejaza saa mbili, saa sita, saa tisa. Ile ya saa sita haikuwapo. Nimewaadhibu wanafunzi miaka ishirini na sita kwa kubuni majibu!

Kati ya saa sita na saa tisa alikuwa hapa.

Jumamosi, 13 Septemba

Kichwa kama kinapigwa nyundo. Weupe machoni. Mabegani mikono miwili leo, si mmoja.

Helena alirudi kutoka sokoni Majengo akanikuta nimelowa jasho usoni. Alipitisha mpira. Mkojo ukatoka, mweusi kama chai ya rangi, nami nikaanza kuuona ukuta tena.

"Dada! Daftari linasema ulitoa saa sita!"

Nikalifunga daftari.

"Unamdanganya nani? Daktari au mimi?" Akakaa chini sakafuni, na mpira bado mkononi. "Ukimfuata shemeji, kwenye hicho kiti nibaki namsukuma nani?"

Nimekubali kupasuliwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwanza. Wodi ya wanawake, kitanda cha nane. Mpira umewekwa, mkojo unatiririka muda wote kwenye mfuko. Kibofu hakipati nafasi ya kujaa.

Hajaja.

Jumatano, 24 Septemba

Hajaja. Jana pia. Huku ndiko kupona, basi. Kunafanana na chumba kilichohamwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Saa nne asubuhi. Muuguzi Lucia anapita na fomu za idhini, kitanda kwa kitanda. Helena ameshuka kutafuta chai. Dripu inakimbia.

Nimeukunja mpira. Kwa mkono wa kushoto, chini ya shuka. Dakika arobaini sasa. Nilitaka kumuaga tu. Maneno niliyaandaa, yana utangulizi na hitimisho.

Vinyweleo. Shingo. Kichwa kinaanza kugonga.

Begani hakuna kitu.

Ila godoro limebonyea upande wa miguu. Kuhisi siwezi, lakini naona: shuka imevutika polepole, kama anapokaa mtu mzito asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Na miguu yangu — miguu yangu imesogea, ikampisha.

Lucia yuko kitanda cha tano. Anamtania bibi mmoja: "Bibi, hii sahihi au umechora nyoka?" Wodi nzima inacheka. Nimejiahidi kwamba nitauachia mpira akifika cha sita.

Amefika cha sita.

"Mwalimu, uko tayari?" ananiuliza kutoka huko.

Nimejibu kwa sauti yangu ya jukwaani kwamba niko tayari kabisa. Sauti haikutikisika. Mistari ya karatasi ndiyo inayotikisika, na pembeni kuna weupe.

Hotuba nimeisahau yote. Yeye hasemi neno. Amekaa tu, kama mtu aliyefika mapema, anayesubiri mwenzake avae.

Cha saba. Lucia anamnyooshea jirani yangu kalamu. Mkono wa kulia unaandika haya. Wa kushoto bado haujauachia —