Kiungo cha Tano

Jumatatu, 3 Machi

Siwezi kutulia leo. Prufu za kitabu cha jiografia, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, zinanisubiri mezani, kalamu nyekundu iko tayari, na mimi nimefungua kurasa za mtandao chungu nzima. Mashine ya kuchapa iko chini yetu, inatetemesha sakafu. Natetemeka nayo.

Nimesoma kuhusu karatasi. Ile ya kawaida ya ofisini ukiikata katikati unapata ndogo yenye umbo lilelile! Ukikata tena, lilelile! Mtu alikaa chini akalifikiria hilo. Nimekitia kiungo kwenye ukurasa wangu, Viungo vya Wiki. Kingine: herufi za kibodi, kwa nini zimevurugwa vile. Kingine: ndege wanaolala huku wakiruka. Ndio mimi hao.

Mume wangu anasema naokotaokota mtandaoni kama kuku uani. Anasema kwa upendo. Nadhani.

Kuna mama kajiunga na kundi letu la simu, ninakotuma viungo, kaniandikia: iliki na mdalasini unauzaje? Nimecheka mpaka bosi akachungulia. Nikamjibu, mama, viungo vyangu haviliwi, ni vya kubonyeza. Akasema basi atabaki tu aone tunavyobonyeza.

Jumatano, 5 Machi

Prufu bado. Bosi kauliza mara mbili.

Viungo vya wiki nimevituma mapema, sijui haraka ya nini. Cha tano nilikiona asubuhi wakati chai inachemka: ofisi ya viwango ya nchi ya mbali inaonya kuhusu aina fulani ya kichwa cha mtungi wa gesi. Kile chenye kitufe cha kijani. Mpira wa ndani unapasuka, gesi inavuja polepole, hata harufu huipati mapema. Picha ilikuwepo. Nikaandika mstari mmoja: "Wenye kitufe cha kijani, someni hapa." Nikakichomeka kati ya historia ya soketi na mtu anayekusanya sauti za milango ya treni. Nikafunga. Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa!

Siku zote nikituma viungo ni kimya, au dole gumba moja la mwalimu mmoja wa kemia aliye kundini. Leo simu haishikiki. Mwalimu huyo kakisambaza cha tano kwa wazazi wa shule yake, wazazi nao wamesambaza. Watu wananiuliza wafanyeje. Mimi! Mtu wa kuwinda koma na nukta! Nimewaambia wafunge mtungi, wafungue madirisha, wabadilishe kichwa.

Mchana mume wangu kapiga. Sauti ya chini, ile ya mtu aliyetoka nje ya ofisi ili azungumze. Anauliza, vile vya kijani unajua nani anaviuza hapa mtaani? Nikasema sijui. Halafu akasema: mdogo wangu.

Shemeji! Najua anauza gesi. Duka lake napita mbele yake kila siku, nampungia mkono. Sikuwahi kutazama rafu.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja. Nilijiandaa kwa makelele, nikaletewa upole, ambao ni mbaya zaidi. Kakaa ukingoni mwa kochi. Chai hakuigusa.

"Shem," kasema, "watu wanavirudisha. Wanavitupa juu ya kaunta kama panya wafu. Jirani yangu kaniita muuaji mbele ya wateja. Mimi nimeuzia mama yangu mzazi kimoja. Ningemuuzia bomu?"

Nikasema sijaandika habari yake, nimeandika habari ya kifaa. Akasema kwake hiyo ni habari moja.

Nikasema ngoja nikuonyeshe wenyewe wanasema nini. Nikabonyeza.

Ukurasa huu haupatikani.

Nikabonyeza tena. Haupatikani. Nikazima simu, nikawasha. Shemeji akainama akasoma, akacheka kidogo — si kicheko cha furaha. "Unaona? Wenyewe wameona aibu, wameufuta. Umebaki wewe tu."

Nilimtazama mume wangu anitetee. Alikuwa anatazama zulia.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafuta asubuhi nzima. Wameufuta kwa kuwa ni uongo? Wameuhamisha? Nimekusanya viungo miaka yote hii na sikuwahi kuhifadhi nakala ya ukurasa hata mmoja. Nilidhani kiungo ni kitu. Kumbe ni kidole tu kinachoonyesha, na kule kinakoonyesha panaweza kuhama.

Nimeiandikia ile ofisi. Limenijia jibu la mashine: asante, tunafungua Jumatatu.

Mama mkwe kapiga. Hana hasira hata chembe, anacheka. Nimesikia mnagombania jiko langu, anasema. Nikamwomba asitumie gesi siku mbili tatu. Akasema mwanawe hawezi kumpa kitu kibovu, na mkaa unamkohoza. Nikamwambia basi fungua dirisha, mama. Akasema dirisha liko wazi tangu aolewe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekitoa.

Mume wangu hakuniambia nitoe. Asubuhi alisema tu, akiwa anafunga kamba za viatu: mdogo wangu hajafungua duka leo. Basi. Nikakaa kazini nikaitazama ile namba tano, nikafuta. Cha sita kikapanda juu kikawa cha tano. Milango ya treni. Hakuna atakayejua kulikuwa na kitu hapo.

Wamejua ndani ya muda mfupi! Mwalimu wa kemia kaandika mbele ya kundi zima: dada, umekitoa kwa sababu si kweli, au kwa sababu nyingine? Nimeandika, nikafuta, nimeandika, nikafuta.

Halafu yule mama wa iliki: "Afadhali. Changu sikuwa nimekitupa, nimekirudishia kwenye mtungi. Asante mwanangu."

Nimekwenda chooni nikasimama. Nimerudi. Nimepitisha ukurasa mzima wa prufu bila kuona kwamba mto umeandikwa mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Wamejibu! Binadamu, si mashine. Tovuti yao imehamishwa mwishoni mwa wiki, anwani za zamani zimekufa zote. Onyo liko palepale. Wamenipa anwani mpya na maelezo ambayo kwanza sikuyasoma, kwa haraka zangu: si vyote vya kijani. Ni vile tu vilivyogongwa herufi K na R upande wa chini. Vingine ni salama kabisa.

Kwa hiyo shemeji anaweza kuwa hana kosa. Au anaweza kuwa nalo rafu nzima.

Nimekirudisha, safari hii namba moja, na picha ya kila ukurasa nimehifadhi. Nimeandika: "Jana nilikitoa. Sikuwa na ushahidi kwamba ni uongo. Nilikuwa na familia. Geuzeni, msome chini." Yule mama nimempigia mwenyewe mpaka akapokea. Cha kwake hakina herufi yoyote. Nimekaa chini kwa ahueni.

Shemeji hapokei. Nimemtumia ujumbe: K na R, chini. Nakwenda kuanza na cha mama yako.

Bosi nimemwambia nina dharura. Kasema prufu nazo ni dharura. Nimetoka.

— Naandika hapa jikoni kwa mama mkwe, kwenye kiti chake, maana nikikaa bure nitapiga kelele. Nilimkuta na sufuria motoni. Nikazima. Akasema, ala! Wewe mtoto una nini? Nikafungua kile kichwa, nikakigeuza: kimebandikwa stika ya duka, palepale chini, imegandamana. Kucha zangu haziwezi.

Ndipo shemeji akaingia. Kumbe ujumbe kausoma, kaja mbio, shati limemganda mgongoni. Hakunisalimia. Alininyang'anya kile kitu mkononi — hapana, alinyoosha mkono nikampa. Kachukua kisu cha mama, katoka nacho uani, kwenye mwanga.

Namwona kupitia dirishani. Ametupa mgongo. Alikwangua. Sasa hakwangui tena. Kisu kakiweka chini, taratibu. Amekisogeza kile kichwa karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu, kama anayetaka herufi mbili zisomeke vingine.

Mama mkwe ananiuliza chai tuichemshie wapi sasa. Naye anachungulia dirishani, anamtazama mwanawe aliyesimama pale.

"Kwani hapo chini," ananiuliza, "pameandikwa maneno mengi kiasi gani?"