Mbwa za Mukwe na Mbawala wa Filme

Kwa dada yangu Masika, Butembo,

Kama umekaa, simama kwanza, maana hii barua inatoka kwa mutu mukubwa. Mudogo wako Kambale sasa anacheza filme! Hapa Goma, mutaa wa Mapendo, siwezi kununua mboga ya sombe bila mama za soko kuitana: «Muwindaji anapita!» Wewe uko aje? Mugongo umepoa? Na binti yako Katungu, bado anachekacheka juu ya ndoa yake? Huku tuko, Mungu anatushika.

Dada, sikia vile ilikuwa.

Vijana wa hapa wanatengeneza filme ya kuchekesha: familia ya kijijini inawinda mbawala, halafu inagombania paja. Mbawala wa kweli tungemutoa wapi? Wakashona ngozi za zamani, watu wawili wakaingia ndani, mumoja mbele, mumoja nyuma. Mbwa zikakosekana. Nikasema: Papa Bahati wa Masisi, baba ya kijana atakayeoa Katungu, ana mbwa za uwindaji. Akazileta mwenyewe mpaka nyuma ya ziwa, Lac Vert, amevaa na koti.

Unajua vile kengele ya muti kwenye shingo ya mbwa inajazwa majani ili inyamaze. Ukiyatoa, umeiambia: kazi imeanza. Kijana wa kamera hakujua.

«Mutoe majani, nataka mulio.»

«Mutoto, hizi mbwa hazijui filme.»

«Muzee, kidogo tu!»

Majani yakatoka. Yesu wangu! Miguu ya mbele ya mbawala ikakimbilia Sake, ya nyuma ikakimbilia Goma, ngozi ikapasuka katikati. Mbwa zote zikachagua nyuma. Mutu muzima, na ndevu zake, akaanza kuita marehemu mama yake.

Papa Bahati akafukuza mbwa, akafunua ngozi, akaona uso. Akaanguka magoti juu ya mawe ya volkano: «Maskini mimi, nimevunja ndoa ya mutoto wangu!»

Dada, nilishtuka kuliko yeye. Damu imemwagika kati ya wakwe, na dote, mahari yenyewe, bado haijatolewa! Lakini mimi ni mujomba. Nikamuambia: «Papa, ndoa ya Katungu haivunjwi na meno.» Akalia, akaapa kuleta mbuzi ya kuosha damu, mbali na zile za dote. Basi siku ile muipokee vizuri, shemeji asiihesabu na zingine. Mimi nitakuja kumusemea mutoto wetu, ila musiniwekee kiti. Nitasema nikisimama.

Unisalimie shemeji, shangazi yetu wa duka ya chumvi, na baba mudogo anayepiga ngoma kanisani.

Utauliza: damu ya nani? Dada, hii barua naiandika juu ya kabati, nimesimama. Na mama za soko hawasemi «muwindaji». Wanasema: «Mbawala, geuka tuone!»

Mudogo wako,
Kambale