Kahawa Niliyokatazwa Kumimina

Azaiba, Maskati
Mfungo Tano

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Huenda hutaki kuiitikia, lakini siwezi kuanza barua kwako bila kukuamkia, mama hakutulea hivyo. Natumaini mguu wako umepoa, na shemeji amepata kupumzika baada ya pilikapilika za matanga. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Mama alipofariki nilikwambia kwenye simu kwamba tajiri wangu kanizuilia paspoti. Ukaniamini, ukamlaani mzee wa watu, na mimi nikanyamaza nikakuacha umlaani. Halafu mwenzetu wa Pangani aliyerudi kutoka huku akakwambia kwamba paspoti nilikuwa nayo mwenyewe. Siku ya arubaini ukanipigia, ukasema nisikuandikie wala nisikanyage kwako mpaka nikueleze kwa nini sikuja kumzika mama. Yule mtu alisema kweli. Paspoti nilikuwa nayo, na tiketi nilikuwa nayo. Sasa nakueleza, lakini itabidi univumilie, kwa sababu siwezi kusema yangu bila kusema ya Sheikh Khalfan.

Nyinyi huko mlimjua kama tajiri wa Salum tu, mtu anayetuma tende kila Ramadhani. Huyu alikuwa mtu wa aina ambayo sisi Tanga hatukuizoea. Upande wa mama yake walikuwa maliwali, upande wa baba yake watu wa fedha tangu babu. Babu yake alikaa Unguja mjini akiweka amana za wenye mashamba ya karafuu. Mtu akileta mfuko, hapewi karatasi. Anaulizwa baba yake nani na babu yake nani, basi. Yalipokuja mapinduzi wakaondoka na nguo walizovaa. Khalfan mwenyewe wakati huo alikuwa kijana anasomea mambo ya benki Uingereza, akaletewa habari kwamba hana tena nyumba ya kurudi. Baba yake akaja kuanza upya hapa Maskati, kwanza duka la kubadilisha fedha pale Matrah, kisha nchi ilipofunguka akaanzisha benki. Baba alipokufa, mtoto akaishika.

Nilipochukuliwa Tanga kuja kumtumikia, mwaka wa tisini na moja, benki yake ilikuwa imekwishapanda. Alikaa kwenye jumba la Madinat Sultan Qaboos, lenye bustani mbele na sabla pembeni, yaani chumba kikubwa cha kupokelea wageni wanaume. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa hapo saa mbili nzima, kanzu imenyooka, kilemba hakina kasoro, bakora magotini, chumba chote kinanuka udi. Mawaziri walikuja, wafanyabiashara walikuja, wavuvi wa Sidab walikuja na kanzu zao zenye magamba ya samaki, na wote walikaa kwenye zulia moja. Hakumwandikia mtu mbele ya uso wake. Alimsikiliza, akamtazama, akasema ndiyo au hapana, na makarani wakaandika baadaye. Majivuno yalimjaa, sikufichi. Nilikaa naye miaka miwili kabla hajaniuliza jina la mama yangu. Lakini alipokwisha kuliuliza hakulisahau tena.

Kazi yangu mimi ilikuwa kahawa. Usicheke. Kwa watu hawa kumimina kahawa ni kazi yenye adabu zake, na mimi nilizijua zote. Dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, kifinjani, kikombe chake kidogo, mkono wa kulia, unaanza kwa mkubwa, humjazi mtu kikombe kama unamfukuza. Na iko moja iliyo kubwa kuliko zote. Mgeni akipokea kifinjani chake akakiweka chini bila kukionja, ana haja. Hapo baraza yote inanyamaza. Mwenye nyumba akimwambia "kunywa," basi amekwishampa, na haja yenyewe bado hajaisikia. Watu wa kawaida huombana hivyo mchumba, au msamaha wa damu. Kwa Sheikh Khalfan kila mtu alijua haja ingekuwa nini, kwa hiyo watu wa heshima hawakumfanyia. Ingekuwa kama kumshika mtu koo mbele za watu.

Sasa sikiliza kosa langu. Ulikuwa wakati ambao Maskati nzima imeingiwa na wazimu wa kununua hisa. Madereva wananunua, walimu wananunua. Asubuhi moja mke wake, Bi Zuwena, akaniita jikoni. Mama yule alikuwa hasemi na watumishi ila kwa jambo. Akaniambia:

"Salum, leo anakuja kaka yangu Hilal. Mpe chai, mpe sharubati, mpe halua akitaka. Kahawa usimpe. Mwambie buni imekwisha."

"Bibi, atasemaje? Nyumba hii ikose buni?"

"Na aseme. Wewe nisikize mimi. Huyu tumetoka tumbo moja, nnamjua."

Nikaitikia. Na Hilal akaja, amependeza, pete za fedha vidole viwili, sabla imejaa watu. Nikampelekea chai. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya mzaha ili wote wasikie, "Kumbe hapa siku hizi shemeji hapewi kahawa? Au Mswahili wenu amesahau kazi?" Watu wakacheka. Kaka, unajua ulimi wangu na unajua kiburi changu. Miaka sita nilikuwa nimesifiwa kahawa yangu katika mji huu, leo nichekwe barazani na kuambiwa sijui kazi? Nilisahau maneno ya bibi, au tuseme kweli, sikuyasahau. Nilikwenda nikaleta dele, nikammiminia.

Akakiweka kifinjani chini.

Nilisimama pale na dele mkononi. Sheikh Khalfan alikitazama kile kikombe, kisha akasema, "Kunywa, Hilal." Hilal akanywa, halafu ndiyo akasema anataka nini. Alitaka benki imkopeshe fedha za kununulia hisa, fedha ambazo wakuu wenzake Sheikh pale benki walikuwa wamekwishamkatalia mara mbili. Akapewa zote. Kufika mwaka uliofuata soko likaanguka, Hilal akapanda ndege isiyojulikana iendako, na benki ikabaki na shimo. Ukafanyika mkutano, Sheikh Khalfan akaondolewa kwenye kiti cha baba yake, na benki ikamezwa na nyingine kubwa. Jina la ukoo likabanduliwa ukutani kwa tindo. Nilikuwa naye kwenye gari ng'ambo ya barabara siku hiyo. Alitazama mpaka herufi ya mwisho ilipotoka, kisha akasema, "Haya, twende tukanunue mboga."

Wanaobeba aibu si wakubwa peke yao. Kulikuwa na mjane wa Sidab, mumewe alikuwa mvuvi, aliyeuza dhahabu yake yote akanunua hisa za ile benki kwa sababu tu ya jina la Khalfan. Alikuwa anakuja kila Ijumaa anakaa nje ya lango, hasemi kitu, anaondoka. Sheria haikumdai Sheikh chochote kwa mjane yule. Lakini aliuza jumba la Madinat Sultan Qaboos, akawarudishia watu kama yeye kadiri alivyoweza. Wanawe wawili walio Uingereza wakakasirika kwamba amegawa urithi wao, wakaacha kuja. Tukahamia Azaiba, nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya barabarani, vyumba vitatu. Bi Zuwena hakufika mwaka wa pili humo. Mpaka anakufa hakuniambia neno juu ya ile kahawa, alikuwa ananitazama tu.

Sheikh aliendelea kukaa barazani kila asubuhi. Chumba kidogo, zulia lile lile limekunjwa pembeni kwa kuwa halienei. Nilimpikia kahawa, nikaiweka, na hakuja mtu. Wale mawaziri, wale wafanyabiashara, hata mmoja. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, haya ni matunda ya mkono wangu. Nilipata kazi nzuri mara mbili, mara moja kwenye hoteli, nikazikataa. Nyinyi mliniuliza kwa nini sipandi, kwa nini hela ninayotuma haiongezeki. Ndiyo hiyo sababu.

Ulipopiga simu kwamba mama ameanguka jikoni na hajitambui vizuri, niliingia kwa Sheikh kuomba ruhusa. Sikumaliza hata sentensi. Alinyanyuka mwenyewe, akafungua kabati, akanipa paspoti yangu. Siku ya pili akanipa tiketi. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliuza jambia la babu yake, kitu pekee walichotoka nacho Unguja zaidi ya nguo za mwilini. Safari ilikuwa Alhamisi.

Nilijiambia siwezi kumwacha mtu huyu bila kumwomba radhi, huenda nisimkute. Jumatano jioni nikakaa mbele yake, nikafungua mdomo, nikamuuliza dawa zake zimebaki ngapi. Nikaenda kusogeza safari mpaka Jumapili. Niliogopa, kaka. Mtu mzima mimi, na ndevu zina mvi, niliogopa. Jumamosi Sheikh akapooza upande mmoja bafuni.

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndiyo uliyoniuliza. Ningeweza kumwacha. Jirani yetu Mhindi, Mwislamu mwenye duka la dawa, alisema atamwangalia mpaka wanawe Sheikh wafike. Hakuna aliyenizuia. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko, na kila siku nilisema kesho nitamwambia, akishanisamehe nitakwenda. Na moyoni nikasema, mama ana Rajabu. Siku ya kumi na nne ukapiga simu. Wakati ule nilikuwa namkata kucha.

Siku tatu baada ya mama kuzikwa nilimwambia. Alikuwa ameanza kusema tena, taratibu, mdomo umekwenda upande. Nikamweleza yote, jinsi bibi alivyonikataza kahawa na nilivyoileta kwa kiburi. Nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wa zamani, kisha akasema:

"Hilo ndilo lililokuweka hapa miaka yote hii?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Zuwena alinambia asubuhi ile, kabla hajakwambia wewe. Mimi nilijua Hilal anakuja kutaka nini. Ungeliacha kuleta kahawa, ningeliagiza mwenyewe. Watu walikuwa wanatizama, Salum. Mjukuu wa babu yangu aseme hana buni?" Akapumzika. "Mbona hukunambia? Ungelikuwa kwenu, kwa mama yako."

Nilitoka nikasimama uani. Miaka yote nilijipa ukubwa ambao sikuwa nao. Hakuwahi kunihesabu katika maanguko yake, ni yeye na kiburi chake, na mimi nilikuwa mshika dele tu. Na kwa ajili ya hatia hiyo isiyokuwa yangu nilimwacha mama aniite mpaka sauti ikakata. Shemeji aliniambia kwamba aliniita. Wewe hukuniambia, ukanifichia hilo, na ninakushukuru.

Sheikh alifariki baada ya wiki tatu, alfajiri ya Jumatatu. Tulimsalia safu moja na nusu. Wanawe walifika siku ya pili, amekwishazikwa. Wakati wa kumshusha walihitajika watu wa kuingia kaburini, na kwa kuwa hakuna mtoto, nikaingia mimi pamoja na yule jirani. Nilimpokea mabegani, nikamlaza ubavu wa kulia, nikafungua fundo la sanda, nikamwelekeza uso. Nilifanya taratibu na kwa adabu zote, na nilipokwisha kumlaza nilishindwa kutoka, wakanivuta mkono. Mtu aliyepaswa kupata haya kwangu alikuwa Tanga na nilikuwa sijaenda.

Sasa wanawe wanarudisha nyumba mwisho wa mwezi, na kibali changu cha kazi kimekufa na mwenyewe. Nitapanda ndege mwanzo wa mwezi ujao mpaka Dar es Salaam, kisha basi. Sina cha maana cha kuleta. Mzigo wangu ni sanduku moja na hela za kuanzia genge. Sikuombi unisamehe kwa barua, si jambo la kuombwa kwa barua.

Nisalimie shemeji, mke wako, aliyemkalia mama usiku na mchana mahali pangu. Nisalimie Bi Mwanaidi, mama yetu mdogo, na umwambie ile dawa ya magoti nimeipata. Mwalimu Shekue aliyenifundisha Kurani, kama yu hai, nampa mkono. Na wanao wote, hata wale ambao hawanijui.

Neno moja la mwisho, na hili nijibu hata kama mengine hutayajibu. Sitakuja kwako kwanza. Nikishuka stendi nitakwenda moja kwa moja makaburini. Niandikie mama yuko upande gani, safu ya ngapi, karibu na nani, maana siwezi kumsimamisha mtu nimwulize kaburi la mama yangu ni lipi.

Mdogo wako,
Salum