Baba Anauliza Kama Mtu Wake Yupo

Mpendwa Bi Mwanamvua, shikamoo. Naomba unipokee na shida yangu ingawa najua wapo watakaocheka, maana ni shida iliyoanzia kwenye gemu na mimi ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini cheka kwanza ukimaliza unisaidie, kwa sababu mwanao nimekwama, usingizi umepotea, na dada yangu ameanza kuongea nami kwa mkato kama karani.

Nina banda la gemu hapa Maili Moja, Kibaha, na mbali na banda nina chaneli mtandaoni ambako gemu mpya ikitoka naicheza, halafu naichambua kwa Kiswahili, nasema hapa wamepatia, hapa wametupiga changa la macho, na vijana wengi hawaigusi mpaka wanisikie. Kazi hii ni kama nimeirithi, usishangae, maana baba yangu, Mzee Magembe, alikuwa fundi redio Kisarawe mjini, na siku moja mteja alileta mashine ya gemu iliyokufa, akaondoka asirudi tena, baba akaifufua, ndani yake kulikuwa na gemu moja ya kupigana, sitaitaja jina, wanaoijua wanaijua, na tangu hapo kila toleo lake lililotoka tulilitafuta kwa udi na uvumba, mimi na yeye, mama akitupigia kelele kwamba ugali unapoa.

Baba hakuwahi kubadilisha mpiganaji. Alimchagua mzee mmoja mwenye kofia pana, anayechechemea, mzito wa kutembea lakini akikufikia na kile kiwiko chake umekwisha, na hakumwita kwa jina lake la kwenye gemu, alimwita "mtu wangu". Mimi ndiye nilikuwa nawasha mashine, yeye akivuta kigoda ananiuliza, "Ngosha," ndivyo anavyoniita kwa Kisukuma chetu, "mtu wangu yupo?" namjibu, "Yupo, baba," ndipo anashika pedi. Miaka yote hiyo, matoleo yote hayo.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, sasa anaishi Msimbu kwa dada yangu Helena, na kila Jumapili nilikuwa naenda na mashine mgongoni tunacheza toleo la zamani, anabonyeza kwa mkono mmoja, mimi najifanya napigwa, na yeye anajua, siku moja akaniambia, "Nipige basi, kwani mimi yai?" lakini sikuweza, Bi Mwanamvua, nauona ule mkono uliolala mapajani nashindwa.

Toleo jipya lilipotangazwa alifurahi, kila aliyekuja kumjulia hali akaambiwa kwamba yeye na mwanawe wana gemu inakuja. Ikaja. Nikaifungua peke yangu bandani kabla wateja hawajafika, na hata sijabonyeza kitu, picha ya kwanza kabisa, yule mzee anauawa. Msichana aliyekuwa mwanafunzi wake anaiokota kofia, anaivaa, mchezo unaanza. Nikatafuta kwenye orodha ya wapiganaji, hayupo. Nakwambia ukweli, nililia nimeshika pedi.

Sasa wachambuzi wa huko duniani wanaisifu. Wanasema mfululizo uliokuwa umechoka umepata damu mpya, kwamba watengenezaji wamekuwa na ujasiri, kwamba mapigo yamekuwa mepesi, na mmoja ambaye huwa namheshimu sana kaandika kwamba yule mzee alikuwa mzigo tu, mwendo wake ulikuwa unachelewesha wenzake, afadhali wamemzika. Nikasoma hayo nikaona kama anamwandika mtu ninayemjua, aliyekaa barazani Msimbu. Na kibaya zaidi, gemu ni nzuri kweli. Mimi ni mchambuzi, kazi nzuri nikiiona naijua.

Nikafanya jambo la kijinga. Baba alipopiga simu kuuliza, "Ngosha, mtu wangu yupo?" nikamjibu gemu ni mbovu, baba, imepondwa na kila mtu, haifai hata kuibeba. Halafu ili uongo usimame nikarekodi uchambuzi nikaiponda kweli, nikasema wameiharibu, haina ladha, vijana wakanivaa kwenye maoni, mmoja akaandika, "Huyu kapigwa na watoto huko, anasingizia pedi." Na Jumapili zikaanza kunishinda, mara banda lina kazi, mara mvua, mara nasikia mafua, kwa sababu najua nikienda ataniuliza nikiwa mbele yake.

Juzi Helena kanipigia. Anasema jirani yao, Zaidi, alimwonyesha baba hiyo gemu kwenye simu, watu wakiicheza tangu mwanzo, akamwambia inasifiwa kila kona. Baba akaangalia, akasema, "Kumbe ni nzuri. Basi Simoni amechoka na mimi." Chai hakuimaliza. Jioni ya siku hiyohiyo baba akamwagiza Helena anipigie tena, nikapokea, na neno la baba likawa lilelile, "Ngosha, mtu wangu yupo?" nikasema mtandao unakatakata, nikakata mimi.

Daktari alisema tusimpe mshtuko, presha yake iko juu. Sasa nifanye nini, nimwambie mtu wake amekufa, au niendelee kusema gemu ni mbovu mpaka Mungu atakapoamua? Na ule uchambuzi wangu niuache au niufute? Nijibu kwa ukali ukitaka, ila unijibu.

Simoni, Maili Moja

Bi Mwanamvua anajibu

Marahaba, Simoni. Pole mwanangu, pole sana na ugonjwa wa mzee. Sikucheka, isipokuwa pale uliposema ulilia umeshika pedi, maana pedi ninayoijua mimi inauzwa duka la dawa, ikabidi niulize watu hapa ofisini.

Sasa kaa vizuri nikusomee barua yako mwenyewe, kwa sababu inaonekana umeiandika bila kuisoma. Umesema yule mzee anauawa picha ya kwanza kabisa, kabla mtu hajabonyeza kitu. Umesema yule jirani, Zaidi, alimwonyesha baba yako tangu mwanzo. Basi baba yako ameona. Amemwona mtu wake akiuawa, ameona kofia ikiokotwa, na bado yu hai anakunywa chai nusu kikombe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwa jirani. Unailinda siri ambayo mwenyewe keshaijua.

Na jioni ya siku hiyohiyo, akijua fika kwamba yule wa kofia keshazikwa, alikupigia simu akakuuliza mtu wake kama yupo. Simoni, alikuwa anamuulizia nani?

Hakumwambia Helena kwamba mtu wake kafa. Alisema wewe umechoka naye. Hilo ndilo lililomshinda kumeza, na wewe unamkatia simu ukisingizia mtandao! Ungekuwa karibu ningekufinya. Umekasirikia mchambuzi wa watu kwa kuandika kwamba mzee ni mzigo, lakini huyo kaandika tu kuhusu mtu wa kwenye kioo, mwana aliyeacha kwenda Msimbu kwa baba yake ni wewe.

Najua si kwamba humpendi. Unaogopa. Unamwona baba anaondoka kidogo kidogo, halafu gemu ikaja ikakuonyesha mwisho kabla hujajiandaa, ukakimbia. Nimewauguza wazazi wangu wote wawili hapa Mlandizi, Simoni, najua mtu anavyoweza kusugua sufuria iliyokwisha takata ilimradi asiingie chumbani. Sufuria yako ni hilo banda, na mafua, na mvua.

Ule uchambuzi ufute. Kisha rekodi mwingine, useme yote mawili: gemu imetengenezwa vizuri, na imeniumiza. Hayagombani hayo. Khanga inaweza kuwa nzuri na bado ukalia ukiiona, kwa sababu ya aliyekuwa akiivaa. Watu wanaokusikiliza wanataka ukweli wako, na ukweli wako ndio huo. Wakikucheka waache wacheke, walishasema umepigwa na kweli umepigwa.

Halafu usisubiri Jumapili. Ukimaliza kusoma hapa, funga banda. Beba mashine, beba toleo la zamani ambamo mzee wenu wa kofia yu hai, na jipya ulibebe pia, baba achague mwenyewe, maana mkono ndio uliolegea, akili yake iko palepale. Akitaka kumtazama akifa tena, tazama naye. Akitaka kulia, lieni. Daktari alikataza mshtuko, hakukataza mwana. Helena umwombe radhi, umpumzishe siku hiyo, kwani yeye hajasema kachoka lakini binadamu huchoka. Na mkianza kupigana, mpige baba yako. Mpige kwelikweli, alishakwambia yeye si yai. Huko kumwachia ashinde ndiko kumzika mapema, na yeye anakuona.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Kwanza fika, piga hodi, mwamkie. Atakuuliza swali lake lile. Usiwashe kitu, usitafute kwenye orodha yoyote. Kaa karibu na mkono ule uliolegea, ushike, halafu umjibu kama ulivyokuwa ukimjibu alipovuta kigoda:

"Yupo, baba."