Tangazo la Msiba wa Abba

Lul, wacha kila kitu usome hii. Msikiti wa hapa Wabera umetangaza Abba amekufa. Baba yangu! Na alikuwa mzima ndani ya msikiti, safu ya kwanza!

Si unamjua Galgalo, kaka yangu wa semina? Alirudi kutoka semina na maneno ya kulinda akili ya wazee: sukari ipungue, mzee atembee, ajifunze kitu kipya. Akamfunga Abba saa ya kuhesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, yeye anaangalia kwa simu. Kila jioni anatuandikia kwa grupu ya familia, "Abba hatua elfu ishirini, mashallah!"

Kumbe Abba alimfunga beberu hiyo saa mguuni, akarudi kwa chai yake ya vijiko vinne.

Leo akamtoa beberu achinjiwe wageni. Akasahau kutoa saa.

Simu ikaonyesha moyo umesimama! Galgalo anampigia Abba, simu imezimwa, si yuko msikitini! Akakimbia kwa chumba cha spika cha msikiti, akampa muadhini jina la Abba. "Mzee Halkano ametutoka." Abba akaitikia "inna lillahi" na wenzake. Alidhani ni Halkano mwingine!

Anatoka nje, anampata Galgalo kwa baraza akinipigia. Nilisikia kwa masikio yangu, Lul: "Tiya, Abba ametuacha. Sasa ngamia wake wa kule Korbesa tutagawana aje?"

Halafu sauti ya Abba, pole pole: "Mlisema nijifunze kitu kipya. Nimejifunza."