Mays au Aaron: Jibu Lako Limefika, Baba Aganze

Mwaka umezunguka, Baba Aganze, tangu Agosti ile ya 2015 moyo wako uliposimama nyumbani kwako Highview, hapa Louisville. Tumelia, tumenyamaza, tumelia tena. Lakini leo tuna habari njema, na wasomaji nao wasikie: lile swali ulilomwachia mama mkwe wako limejibiwa.

Kwa wasiokujua, wewe ulikuwa Methodi, mume wa Nzigire, mtu wa Bukavu, mpakia mizigo wa ghala la karibu na uwanja wa ndege. Hukuwa na choyo. Familia mpya ikifika kutoka kambi za wakimbizi, ni gari lako lililowapeleka dukani, kanisani na hospitalini, na njia nzima unawaeleza besiboli. Maskini ya Mungu! Mtu hajazoea hata taa za barabarani, wewe unamweleza Hank Aaron.

Aaron wako huyo! Ulimpenda tangu mwalimu wa Kiingereza pale kanisani alipowaonyesha filamu za wachezaji wa zamani. Mtu mpole, hana mbwembwe, aliyepiga mipira 755 ikatoka nje ya uwanja. Alipokaribia rekodi ya Mzungu aliyemtangulia, watu walimwandikia barua za matusi na za kumtishia maisha kwa sababu ni mweusi, na kesho yake akarudi uwanjani, akashika gongo, akapiga. "Huyo njo mwanaume," ulikuwa unasema ukifunga viatu vyako vya ghalani. "Anaamuka, anaenda kazi."

Sasa mama mkwe wako, Mama Yudita, anayeishi na mwanawe Mugisho kule Cheektowaga karibu na Buffalo, naye alikuwa na wake: Willie Mays. Mama alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza besiboli redioni, ndiyo maana hadi leo akiumwa anamwambia daktari kwamba tumbo lake liko "out", kama mchezaji aliyetolewa. Kwake Mays ni mkono mzima. Alikuwa anainua kidole kimoja kimoja: kupiga, kupiga mbali, kukimbia, kudaka, kurusha. "Aaron wa mkwe wangu iko kidole kimoja," anasema, "kirefu, sikatai, lakini kimoja."

Shida ni kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana. Hawatazamani usoni, hawali meza moja. Ndiyo heshima yenyewe. Ninyi wawili mlikuwa na maneno ya kujaza lori, na mlango wa kuyapitishia ni mmoja tu, Nzigire, ambaye besiboli kwake ni watu wazima waliovaa pajama mchana.

Basi Jumapili baada ya ibada simu ya Buffalo inalia, Nzigire anaiweka mezani sauti juu, wewe unaanza. "Mama Aganze, muambie Mama, mipira mia saba na makumi tano na tano!" Mama amesikia vizuri kabisa, lakini anasubiri. Nzigire anarudia. "Bon," Mama anasema, "muulize, alidaka mingapi akiwa ameupa mpira mgongo, sawa Mays?" Nzigire anakugeukia wewe uliye pembeni yake na kuanza kukuuliza.

"Nimesikia!" unamkatiza.

"Umesikia? Basi mjibu mwenyewe, mimi sombe yangu inaungua!"

Hapo ulikuwa unanywea, mwenye adabu zako, unasubiri mkeo ageuze sombe yake ya majani ya muhogo ndipo ubishi uendelee.

Kila kiangazi timu ya Louisville ilipokwenda kucheza Columbus, sote tulikutana huko, kwa Josiane, mdogo wake Nzigire. Uwanjani wewe ulikaa mwanzo wa mstari, Mama mwisho, nusu ya uso ameifunika kwa kitenge, na katikati Nzigire, Aganze na sisi wengine. Maneno yalipita mdomo kwa mdomo kama sahani ya karanga. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa nyuma alidhani mmegombana, akakushauri umwombe bibi msamaha.

Halafu ikaja siku ile. Kijana wa Columbus alikimbia amewapa wapigaji mgongo, akanyoosha mkono, akaudaka mpira ukutani. Wewe ukasahau dunia. Ukaruka juu, ukamtazama Mama moja kwa moja, ukapaza sauti: "Mama! Umeona?"

Lo! Mstari wote ukaganda. Mwanao Aganze akajificha ndani ya kofia yake. Mama akajifunika kitenge uso mzima, nasi tukaona mabega yanatikisika: alikuwa anacheka. Lakini kosa ni kosa. Jioni ile ulikwenda kwenye bucha ya Wasomali, ukanunua mbuzi, ukampa Nzigire ampelekee Mama kuwa faini yako. Mama akampokea kwa mikono miwili. "Muambie mkwe wangu aksanti," akasema. "Na umuambie kilichomurusha leo ni mambo ya Mays, haikukuwa ya Aaron."

Wiki yako ya mwisho ulikuwa mzima, unachekacheka. Ulimwita Nzigire ukamwambia: "Leo namaliza maneno. Muulize Mama: donc, kama ana mechi moja tu, ya kufa na kupona, na ana ruhusa ya kuchukua mutu mumoja, anachukua nani?" Mama alicheka kwenye simu. "Muambie nitamujibu Columbus," akasema. Wewe ukaanza kuandaa gari. Columbus hukufika.

Baada ya mazishi Mama hakuwasha tena redio. Nzigire naye alibaki na swali lako kinywani. Alikuwa amezoea kutumwa na kurudi na jibu, na safari hii amerudi mikono mitupu. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko alivyowahi kutuambia. Alimuuliza tulipomaliza matanga: "Mama, jibu la Baba Aganze?" Mama akasema, "Bado." Akamuuliza Krismasi: "Bado." Mama ni mzee. Nzigire aliogopa ataondoka nalo.

Jumamosi iliyopita tukakusanyika kwa Josiane kukuombea. Picha yako tuliiweka mezani katikati ya sombe na samaki, kofia yako ya kazi pembeni. Baada ya sala Aganze akamshika bibi yake mkono. "Koko, please," akasema, "just say Aaron. For Dad." Sote tukamshikilia: mpe tu, Mama, inakugharimu nini?

Mama akatukata jicho. "Kumudanganya mutu juu amekufa, hiyo iko heshima gani?"

Akainuka. Nzigire naye akainuka haraka, kwa mazoea yake. "Nimwambie nini, Mama?"

"Wewe kaa, mwanangu. Umebeba vya kutosha."

Akakiteremsha kitenge mabegani, akaenda hadi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu umwoe binti yake akakutazama machoni, pale pichani.

"Methodi," akasema. "Mechi moja? Ninachukua Mays. Ata ukasirike."

Tulipiga kelele! Mugisho alipiga meza, Aganze akajishika kichwa. Mama akainua mkono tukanyamaza.

"Lakini uliniuliza mechi moja, haukuniuliza mingine. Ile ya kila siku, ya baridi na ya joto, mwaka juu ya mwaka, ya mutu anaamuka anaenda kazi bila kelele? Ile yote ninamupa Aaron." Akaigusa kofia yako. "Na binti yangu, Methodi, sikumuoza juu ya mechi moja."

Nzigire, aliyebeba maneno yenu miaka yote hiyo, ndipo akaketi. Alilia huku anacheka, na sisi tukamfuata.

Mama akajifunika kitenge chake, akarudi kitini, akamwita Mugisho. "Nimemusemesha mkwe wangu uso kwa uso mbele ya watu," akasema. "Haraka, kwa Wasomali. Leo mbuzi ni juu yangu."

Tulimla, Baba Aganze, tukabishana mpaka Josiane akatufukuza jikoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nzigire na mwanao Aganze, Louisville. Shemeji yako Josiane, Columbus. Shemeji yako Mugisho, Buffalo. Na mama mkwe wako Yudita, ambaye tangu Jumapili redio yake inaunguruma tena nyumba nzima.

Hututoki moyoni kamwe, wala mdomoni.