Meza ya Wapura Ngano

Kansas, 20 Julai 1889

Mpwa wangu Delphia,

U hali gani huko Iowa, na ng'ombe wako, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima, ila nimejaa hasira mpaka kofia hainikai.

Ngano kama ya mwaka huu sijapata kuiona maishani. Nyumbu wangu aliingia humo akapotea. Alipotoka alikuwa amezeeka. Miganda nimeirundika juu mpaka mwezi unapita kwa kuzunguka. Baada ya ukame wa miaka miwili, hii ndiyo iliyobaki kunishikilia hapa. Ikiloa ikaota, nafungasha, nimwache mke wangu Hester peke yake kaburini kule kilimani.

Sasa sikia walivyonitenda. Mashine ya kupura ni moja, inatoka shamba hili kwenda lile, na sisi wanaume tunaifuata kusaidiana. Mwenye shamba anatulisha. Jumapili tulikutana kwa Gustav Ekblad kupanga zamu. Wakaniweka mwisho. Mwisho, Delphia, mvua ikishakolea.

Nikauliza sababu. Gustav akakuna ndevu. "Lem, mwaka jana ulitulisha maharagwe baridi na mkate wa mahindi."

"Yalikuwa maharagwe mazuri."

"Mkate ule nilimtupia mbwa, bwana. Akauzika. Mpaka leo hajathubutu kuufukua."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wamenicheka mimi, niliyepura katika kila shamba lao, mimi niliyewahi kuzuia kimbunga kwa mlango wa ghala. Nikawaambia wacheke vizuri, maana mpwa wangu Delphia, yule aliyempikia gavana, anakuja kunipikia. Wakanisogeza hadi mwanzoni mwa Septemba.

Kwa hiyo panda treni.

Mjomba wako,
Lemuel

—

Iowa, 1 Agosti 1889

Mjomba Lemuel,

Shikamoo. Kifua kimepona, ng'ombe hawajambo. Mimi ndiye sijatulia, na hasira zangu zinazidi zako.

Gavana gani, Mjomba? Gavana alipita mjini kwetu ndani ya treni, na treni haikusimama.

Umewaahidi watu mikono yangu bila kuniuliza. Kulisha wapura ngano unakujua? Ni jiko kuwaka tangu alfajiri, kuku wa kunyonyoa manyoya, viazi ndoo kwa ndoo, na kabla hujafuta meza wanarudi tena na njaa. Mwezi wa tatu nilimzika mume wangu. Uliniandikia mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa nyumbu. Leo umenikumbuka kwa sababu ya matumbo ya majirani. Siji.

Ila jibu hili. Hao wake zao wanapika peke yao? Huku kwetu wanawake nao wana zamu zao, wote wanahamia jikoni kwa yule ambaye mashine iko kwake. Kwako hawaji kwa sababu tangu Hester afariki hakuna mtu wa nyumba yako aliyewaoshea hata kijiko. Mikono unayo. Ipeleke.

Mpwa wako,
Delphia

—

Kansas, 9 Agosti 1889

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa ufupi, maana nina ghadhabu.

Mimi jikoni? Mimi niliyemfunga fahali kwa mkia wake mwenyewe? Nikivaa aproni, Gustav atasimulia mpaka wajukuu wake wazeeke. Nimejaribu kuoka pai ya matofaa hapa nyumbani, mlango nimeufunga. Ganda lake nimempigilia nyumbu kwatoni na anatembea vizuri.

Basi usije. Nitapura kwa kukanyaga, kama watu wa Biblia. Na sikuandikii tena.

Mjomba wako,
Lemuel

—

Iowa, 6 Septemba 1889

Mjomba,

Shikamoo. Huku kumeanza kunyesha, na mawingu yanatokea upande wenu. Umewaambia kwamba siji? Ngano imepurwa? Nijibu, hata kwa uongo.

Mpwa wako,
Delphia

—

Kansas, 14 Septemba 1889

Mpwa wangu Delphia,

Salamu nyingi. Nimechelewa kwa sababu vidole vimekunjamana kwa maji ya vyombo.

Nilikwenda kwa Gustav kumwambia kwamba huji na kwamba gavana ana njaa mpaka leo. Hakuwepo nyumbani, siku hiyo zamu ilikuwa yake naye alikuwa shambani kwenye mashine. Mkewe Brita akanisikiliza mlangoni, mikono imejaa unga. Akasema, "Basi ingia. Viazi vile pale."

Nikamenya. Wanaume walipokuja kunawa, Gustav akachungulia. "Lem, umeolewa lini?"

Nikamwambia, "Anayeniuliza maswali hapati pai."

Akavuta kiti akakaa. Toka hapo nikawa nafuata mashine kwa mlango wa nyuma, jiko baada ya jiko. Nimedharauliwa na watoto wa shule. Brita amenifokea mbele za watu kwa jinsi ninavyokanda unga, mimi, mtu mzima.

Zamu yangu ilipofika, kabla moshi wa injini haujaonekana barabarani, Brita na wenzake walikuwa wameshashuka uani kwangu na kuku wao na sufuria zao. Zangu alizitazama akasema ziende kwa nguruwe. Tulipura siku mbili. Gunia la mwisho liliingia ghalani Jumatano, na jioni mvua ikaangukia makapi matupu.

Lakini sijamaliza kukasirika. Gustav alikula pai yangu, niliyoioka mimi, akalamba uma akasema, "Brita, leo umejishinda."

"Hiyo ni ya Lem," Brita akamjibu.

Akaitazama. Akakata kipande kingine. Hata asante hakusema. Na mwakani wanaume wananitaka shambani, wanawake wananitaka jikoni, wanagombana mbele yangu kana kwamba mimi ndiye nyumbu.

Kuhusu mumeo: kila nikishika kalamu niandike habari ya msiba, inatoka habari ya nyumbu. Kwa mdomo huenda nikaweza. Kiti cha Hester kiko dirishani. Siku zile mbili watu walikula wamesimama, na sikumruhusu yeyote akikalie. Ng'ombe mwachie jirani, uje kabla ya theluji. Aproni usilete. Wewe utakaa, mimi nitapakua, nawe utanisimulia habari za mumeo mpaka chakula kipoe.

Mjomba wako,
Lemuel